Dakika Nne za Mwalimu Zahoro

Hamugembe,
Bukoba.
16 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Riyadhi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Muscat, wewe, shemeji Nasma na watoto, na kwamba ule mgongo wako umepoa. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeshuka vizuri, kahawa imechanua, na shangazi Maimuna wa Muleba bado anagombana na majirani juu ya mbuzi wao.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Mara tatu nimekupigia ili nikueleze jambo hili, na mara tatu nimeishia kukuuliza kama huko kuna joto. Ndiyo maana nampa Muksini, anayesafiri kuja huko, barua akuletee.

Ni habari ya baba yako, Mwalimu Zahoro wetu.

Unaikumbuka ile kompyuta yake ya skrini nyeusi, aliyoinunua sisi tukiwa shule ya msingi. Humo aliandika programu ya nyakati za sala za Bukoba, na kila mwaka printa ikasumbua mtaa mzima ikitoa ratiba ya Ramadhani ya kubandika msikitini. Miaka aliyoiwekea programu iliishia 2024. Alipotaka kuiongezea, diski zenye kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yake yawe lugha ya mashine, zilikuwa zimeota ukungu.

Nilimshauri tuhamie kwenye kompyuta yangu, akakataa katakata. Basi nami nikajitia ufundi. Nilichukua kompaila huria, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuibadilisha, nikaanza kuihamishia kwenye mfumo wake wa kizamani. Miezi saba, Riyadhi! Mashine ile kumbukumbu yake haitoshi hata picha moja ya simu, na kwa kila hatua niliyoshinda kichwa kilizidi kunivimba. Kwa kuwa haina kifaa cha kuhesabu desimali, sehemu hiyo ya kompaila niliiandika mwenyewe. Niliiandika vibaya. Kila ilipogawanya namba ilitupa kipande cha mwisho, na vipande hivyo vikaja kula dakika nne za Maghribi.

Vijana wengi hapa simu zao zinafuata nyakati za Mwanza, kwa kuwa Bukoba haimo kwenye orodha. Miaka yote baba yako amekuwa akiwaeleza kwamba Mwanza jua linazama dakika nne kabla ya kwetu. Mwaka huu ratiba ikalingana na simu, nami nikafurahi! Nikaona huo ndio ushahidi kwamba kazi yangu ni safi. Ratiba zake za zamani zilikuwa ukutani mbele ya pua yangu, sikuziangalia. Yeye maandishi madogo sasa anayasoma kwa shida. Aliniuliza kama nimehakiki, nikamjibu, "Nimehakiki, baba mkubwa."

Hapa mjini jua linajificha nyuma ya vilima mapema, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Siku ya sita ya mfungo, shangazi akapiga simu kutoka Muleba, na mshangao wake wa Kihaya.

"Mawe! Bashiri, jua bado naliona juu ya migomba, na karatasi ya kaka inasema tufungue. Mmeshakunywa maji huko?"

Tulikuwa tumeshakunywa, msikiti mzima.

Imamu akatangaza kwamba siku sita zitalipwa. Baba yako akainuka, akasema hesabu ni zake, kwamba takwimu za mwaka mpya alinisomea yeye na bila shaka alizisoma vibaya, akili imechoka, wamsamehe. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Nilijua tangu shangazi alipokata simu kosa liko wapi. Nilitazama mkeka, Riyadhi. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza akaketi.

Kosa nililirekebisha kwa siku mbili. Kule mtandaoni nilikoiweka kompaila, niliandika wazi, kwa jina langu kamili, kwamba nimekosea na hivi ndivyo nilivyokosea. Watu nisiowajua walinishukuru kwa uungwana wangu. Kwa watu walionilea nilinyamaza. Najionea haya ninapoyaandika haya.

Ratiba mpya haikupokewa. Siku hizi wazee wanachukua saa ya Mwanza kwenye simu na kuongeza dakika nne, na kompyuta imefunikwa kitambaa. Nawe ulipompigia baada ya Idi ukamwambia apumzike, mambo ya hesabu awaachie vijana, ulisema kwa upendo. Hukujua, kwa sababu mimi sikukuambia.

Juzi Ijumaa nilimwendea nikamweleza yote. Nilitaka anigombeze. Akasema, "Miezi minane, Bashiri. Miezi minane nasali nikiogopa kwamba nimekosea kuhesabu rakaa."

Ijumaa ijayo nitasimama msikitini niwaambie watu. Nimechelewa, najua. Nawe nakuomba umpigie, umwombe radhi kwa niaba ya wote mlioamini kuwa akili yake imezeeka, na kwanza kabisa kwa niaba yangu niliyewaacha mwamini hivyo.

Mama anakusalimu sana, na mke wangu Mariamu anauliza lini mtakuja. Shangazi Maimuna anasema usirudi mikono mitupu. Wabusu watoto kwa niaba yetu. Mwenyezi Mungu awalinde ugenini na awarudishe salama, mzee akiwa bado anawaona.

Baba yako naye anakusalimu. Nilimuuliza asubuhi hii kama ana neno la kukuandikia. Akaniuliza kwanza kama nina hakika leo ni Jumapili.

Ndugu yako akupendaye, kwa majuto,

Bashiri