Kalamu Niliyoiangusha Mbele ya Hakimu

Kasongo, Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, matope mpaka mlangoni mwa mahakama. Nimeoga mara mbili tangu nirudi hapa kwa dada yangu. Bado najisikia mchafu.

Mimi ni mkunga katika kituo cha afya upande wa Kabambare. Mwaka jana kamyo, lori la mizigo la mfanyabiashara mmoja, iligonga pikipiki niliyopanda. Mfupa wa mkono wangu wa kuume ulivunjika, kisha ukaunga. Vidole viwili havikupona: vipo, ila havisikii kitu. Ndiyo maana nimeshitaki, na leo ilikuwa zamu yangu ya kuonyesha kwamba nimeumia kweli.

Kumbe kuumia hakutoshi. Lazima kuonekane.

Avoka, yule wakili wa mwenye kamyo, aliuinua mkono wangu kama anayekagua mbuzi sokoni.

"Muheshimiwa, huyu mama iko na vidole vyake vyote vitano. Kilema iko wapi?"

Watu wakacheka. Kisha akanipa kalamu. "Mama, shika."

Nikashika.

Hapo avoka wangu mimi, ambaye nimemwamini kama ndugu, akaninong'oneza: "Angusha."

Nikaiangusha. Ukumbi mzima ukasema pole. Wanawake wawili wakajifuta machozi. Karani akaandika. Nikawatazama wale wanawake. Chukizo lote nililokuwa nalo kwa watu wa kamyo likanigeukia mwenyewe.

"Muheshimiwa," nikasema, "nimeiangusha makusudi. Kalamu naweza kushika, iko kavu. Mutoto anayezaliwa anateleza. Huyo ndiye siwezi."

Avoka wangu akafumba macho. Yule mwingine akacheka. Hakimu hakucheka. Aliuliza: "Unajua namna gani kama huwezi? Ulijaribu?"

Nikajibu ndiyo, nikaeleza yote mbele ya watu.

Hili sijawahi kuliandika, hata hapa kwenye shajara yangu. Wiki ya kwanza niliporudi kazini, mtoto mmoja aliniponyoka. Sikumsikia akitoka mkononi. Mwenzangu, Mama Zaina, alimdaka karibu kabisa na sakafu. Tulitazamana. Tukamfunga kitenge, tukampa mama yake hongera. Tangu siku ile ninajaza madaftari ya kituo tu. Sizalishi tena.

Hakimu ameagiza daktari anipime vidole, na Mama Zaina aje aeleze alichoona. Avoka wangu sasa amefurahi. Anasema ushahidi bora kuliko huo hakuna, na alipokuwa akisema alisugua viganja kama mtu aliyewekewa nyama mezani.

Nikamwacha hapo, nikatoka kwenye mvua.

Huo anaouita ushahidi una mama. Anauza mihogo kwetu, na kila akiniona ananiletea mwanawe nimbebe. Hajui kwa nini huwa nakaa chini kwanza.

Kesho narudi Kabambare. Nitakwenda kwake kabla sijafika nyumbani, asije akasikia habari ya mtoto wake kutoka kwa watu wa mahakama.

Nitaanza na neno gani?