Mafuta ya Maganda ya Korosho

Mama Hafsa,

~~Nimekwenda Masoko kutazama nyavu.~~ Nimekwenda Masoko hospitali. Samaki nimeshawatia chumvi, wafunike vizuri, paka yupo.

Asubuhi uliponiuliza kama nimeoa kwingine nilikufokea bure. Sijaoa. Nimeota vinyama sehemu za siri, vile wanavyoviita masundosundo. Kwa aibu nikavipaka mafuta ya maganda ya korosho, kama tunavyochoma chunjua za mikononi. Yameniunguza. Ndiyo maana natembea kama mtoto aliyetoka jandoni, nawe ukacheka.

Kichupa chenyewe kiko juu ya kabati. Kitupe chooni, Hafsa asikishike.

Usiku ule ulipochoma udi nikageukia ukutani, sikuwa nimekuchoka. Niliogopa kukuambukiza. Sasa nasikia yanaambukiza hata kabla hayajaonekana, kwa hiyo huenda nakukinga na kitu nilichokwisha kukupa. Na wewe itabidi daktari akuangalie.

Magari ya Masoko hayakosi. Nitakaa nje nikusubiri, maana sijui nitamweleza vipi daktari jambo nililoshindwa kukuambia wewe machoni.

Baba Hafsa