Diskete za Chini ya Muguu wa Meza

Papa Léonie,

Samaki iko ndani ya sufuria, bukari ya kula nayo nimeifunika. Usiegemee meza hii, inacheza. Zile diskete ine ulizoweka chini ya muguu wake nimezichukua.

Asubuhi, wakati ulikuwa unaoga, shefu wa biro yetu alikuja mwenyewe kugonga mulango. Jana waliweka programu mupya ndani ya ordinatere, ile kompyuta ya biro, wakafuta ya zamani. Leo ile mupya inakataa kufungua lisiti, ile orodha ya mizigo, na bato ya kuvuka ziwa kwenda Kigoma inaondoka saa sita. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ningali na zile diskete za programu ya zamani walizotaka kutupa. Njo mimi huyu, munaniita Mama Masalio kwa kuwa situpi kitu.

Wewe muvuvi, ulipopata wavu mupya, ulikata ule wa zamani kabla ule mupya haujashika samaki?

~~Nikirudi nitaweka diskete mupya chini ya meza.~~ Hapana. Za zamani na mupya zitakaa pamoja ku biro. Wewe tafuta kibao cha muguu wa meza.

Kama meza yako imezivunja, nitarudi kwa miguu. Lakini kwa kwenda, mwambie Léonie, mama yake amepanda gari ya shefu, kiti cha mbele, majirani wote wakiangalia.

Mama Masalio wako