Tulivyomzika Mwimbaji Huangpu

Guangzhou, 9 Novemba 1998

Dada Kauthar,

Asalaam aleikum, wewe na wote hapo Mkunazini. Mimi mzima, hata nimenenepa, na majaketi ya watoto yamo kwenye kontena tayari.

Sasa ucheke: mdogo wako nimecheza filamu ya makauboi! Watu wa filamu walikuja hapa soko la nguo la Liuhua kununua suruali za jinzi, wakaziona ndevu zangu dukani, wakanichukua na mimi. Nyota wao ni mwimbaji ambaye kanda zake hapa zinapigwa kila duka. Anaogopa farasi kama mtoto anavyoogopa sindano, lakini akishika gitaa hata wapishi wanaacha masufuria.

Kwenye hadithi anapigwa risasi, nasi rafiki zake tunamzika. Kaburi tulilichimba uwanjani, nyuma ya bandari ya Huangpu. Mwongozaji aliniagiza nitupe koleo moja la udongo, niondoke. Mkono ukakataa. Nikapiga goti, nikatia viganja vitatu, kama tunavyofanya kwetu. Mwimbaji, maskini, mle shimoni alibana chafya mpaka mwisho. Mwongozaji akasema hakuna kurudia.

Uliniuliza kama nimemlilia Baba, mimi niliyepata habari ameshazikwa wiki nzima. Nimemlilia, dada, mbele ya kamera. Filamu ikifika huko, waambie watoto aliyemo kaburini ni mwimbaji tu, yu hai, anapiga chafya. Wewe utajua nilikuwa namzika nani.

Ni mimi mdogo wako,
Murshid