Shemeji Hajachukua Majibu Yake

Jumatatu, tarehe 17 Machi. Asubuhi mawingu, manyunyu mepesi.

Mshauri, nisaidie kabla sijaharibu undugu. Mimi ni karani wa maabara katika zahanati, naandika majibu daftarini, na mgonjwa asiyeyafuata kwa siku saba nampigia simu aje amwone daktari, sasa tarehe 3 mume wa dada yangu alitolewa damu, sukari ikaonekana imepanda sana, na tangu siku hiyo hajakanyaga pale, ila nyumbani anajigamba eti daktari kamwambia ana damu ya kijana. Tarehe 10 niliwapigia wengine wote kumi na mmoja wa kwenye orodha nikamruka yeye, maana sauti yangu anaijua, atajua nimeona. Dada siwezi kumwambia, niliapa kutunza siri za wagonjwa. Jana yeye na mumewe walikuja kwangu, nikaficha kopo la sukari nyuma ya ndoo.

"Shemeji, chai hii ni adhabu?" mume wa dada akaniuliza.

"Sukari imeisha."

"Imeisha wapi?" dada akadakia. "Juzi tumekuletea kilo mbili! Uchoyo huo mpaka kwa mume wangu?"

Shemeji akacheka, akaenda dukani, akarudi na soda mbili, zote zake. Dada hasemi nami. Je, nimnong'oneze dada peke yake? Nalala sasa, saa tano na dakika arobaini usiku.

*

Karani, pole. Kwa dada yako umenyamaza sawasawa: majibu ya mgonjwa si mali ya ukoo, hata mke husubiri aambiwe na mwenyewe. Lakini wewe umezidisha! Siri umeitunza mpaka mwenye siri hana habari. Umewapigia simu watu kumi na mmoja, ukamwacha huyu anayemaliza soda mbili kwa mkupuo mmoja. Usiniambie ni huruma. Ni woga, na anayeumia ni yeye.

Kesho zahanati ikifunguliwa, nenda kwa msimamizi wako, useme umemruka mgonjwa na kwa nini. Utagombezwa, vumilia. Shemeji aitwe kama wengine, daktari amweleze mlango ukiwa umefungwa, nawe ubaki nje. Akitoka usimhoji, wala usimtazame kama marehemu. Akikuuliza kama uliona, sema kweli. Ukishindwa kupiga, mwenzako abonyeze namba, ila simu impate kabla hajakoroga chai ya saa nne.