Koti la Mwaka Huu

Kwa dada yangu mpenzi, mlezi wa mwanangu,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikufikie ukiwa mzima, na mama naye miguu yake iwe imepungua kuvimba. Ile dawa mpya anaimeza, au bado anaificha chini ya mto akidhani hamjui? Mwambie mimi huku huku nimemwona. Shemeji nisalimie sana, pamoja na kikohozi chake. Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Mengine utayasoma taratibu.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Dada, wewe simu hujui kuisikiliza peke yako. Unaweka sauti ya juu mpaka jirani wa tatu anaitikia salamu zangu, na Kidoti anakuwa hapo hapo begani kwako. Haya sitaki Kidoti ayasikie namna hiyo. Barua nimempa Mama Cheko, mwenzangu wa kazini anayekuja likizo, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Tafadhali usimpe mtoto akusomee. Vaa miwani yako, hata hiyo uliyoifunga uzi, ingia chumbani, funga mlango.

Huku baridi imeanza, ila sisi wa kiwanda cha kufulia hatuijui mpaka tutoke nje. Ndani ni mvuke tu. Mashuka ya mahoteli na hospitali yanaletwa na matoroli, yakishafuliwa yanakuja kwetu chumba cha pasi. Pasi yenyewe si kama ya kwako, ni mashine ndefu kama sebule yenu. Wawili wanalishika shuka pembeni na kulilisha, wawili wanalipokea upande wa pili na kulikunja. Ukizubaa, linaondoka na vidole. Mimi sijazubaa hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyoniponza.

Unakumbuka nilivyokueleza habari ya kibali. Kibali changu kina jina la bosi, maana yake nipo huku kwa mgongo wake, akinikana leo sina pa kusimama. Lakini ukifanya kazi ile ile, kwa mtu yule yule, miaka mitano bila kukatisha, unaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Sisi tunaita kudumu tu. Fulani kapata kudumu, fulani kanyimwa kudumu. Ukiipata, hakuna wa kukutisha tena, na unamleta mwanao, mradi hajafikisha miaka kumi na minane. Ndiyo maana kila mwaka nimemtumia Kidoti koti la baridi, kubwa kidogo kuliko la mwaka uliopita, ili siku akiitwa asishuke kwenye ndege akitetemeka. Najua mnacheka. Najua shangazi alimwita kondoo alipolijaribu kwenye jua lile.

Sasa dada, mwaka wa tano ulipotimia tukapeleka maombi, mimi na bosi. Tukakaa tukisubiri majibu. Katikati ya kusubiri, yule msimamizi wa chumba cha pasi akaacha kazi, na bosi akaniita mbele ya wenzangu akasema kuanzia leo msimamizi ni mimi. Akanipa funguo za stoo. Nilikutumia picha, nimezining'iniza kiunoni kama mwenye nyumba. Ukaniambia mama aliibusu, na jirani akaja kunipongeza kana kwamba nimo humo sebuleni.

Bosi alifikiri cheo kitayapa maombi yangu nguvu. Na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Tena mimi ndiye niliyemshikilia aandike barua ya kuwaarifu watu wa uhamiaji, nikamwambia neno msimamizi aliandike kubwa, na muhuri asisahau.

Wakaniita ofisini kwao. Afisa alikuwa binti mdogo, mpole, anaongea kama anabembeleza mtoto alale. Alinisogezea karatasi za kufutia machozi kabla hajasema lolote. Alisema aliyeombewa ukaazi ni mpiga pasi, na kwa barua ya bosi mwenyewe mpiga pasi huyo hayupo tena. Aliyepo ni msimamizi, na msimamizi ni kazi nyingine. Miaka inaanza kuhesabiwa upya tangu siku niliyopewa funguo. Nikamwambia mimi ndiye yule yule, mikono ndiyo hii. Akasema anaamini kabisa, ila sheria haitazami mikono.

Nilirudi mbio kwa bosi nikamwomba anishushe cheo. Dada, alicheka mpaka akatafuta kiti, akasema tangu azaliwe hajaona mtu anayelilia kushushwa. Nilipomweleza akaacha kucheka. Akanishusha siku hiyo hiyo. Wenzangu wakaanza kunitania, karibu tena mheshimiwa, ngazi ilikuwa na utelezi? Nikacheka nao, nikashika pembe ya shuka. Tukapeleka barua nyingine. Yule binti akasema sasa ndiyo tumeharibu zaidi, maana inaonekana kazi inabadilishwa kwa kutaka ukaazi tu. Maombi yakafungwa.

Dada, majibu hayo ninayo tangu kabla ya simu yetu ya mwisho. Siku ile Kidoti aliponiuliza dirisha la chumba chake litatazama wapi, nami nikamjibu litatazama barabarani, ataona watu wakipita, nilikuwa nimeshajua. Kidoti anatimiza miaka kumi na minane kabla ya mwaka huu kwisha. Kwa watu wa huku hatakuwa mtoto tena. Kwa njia yangu mimi, Kidoti haji.

Na kuna jingine. Bosi amenirudishia funguo, amesema tuanze upya, safari hii kwa cheo cha msimamizi, mimi peke yangu. Masharti ni yale yale, nisikae nje ya nchi hii, nikikaa nje hesabu inakatika. Nilitaka nifungashe virago nirudi. Nikafikiri dawa za mama, nikafikiri ada, nikafikiri nikirudi nitafanya nini na mikono hii inayojua kukunja mashuka tu. Nimeshatia sahihi, dada. Yeye haji, na mimi siji. Usiniulize kwenye simu kwa nini, utaniliza mbele ya watu.

Ninachokuomba, kile chuo cha ualimu kilichomwita, nilichosema asikiitikie kwanza kwa sababu anasafiri, mwambie aende hata kesho, kama bado wana nafasi. Sanduku lake lililo tayari pembeni ya kitanda alibebe aende nalo huko. Na ulipoandika kwamba alijisahau akakuita mama, ukamkemea, dada, usimkemee tena. Mwache akuite.

Utamwambia wewe. Utajua pa kuanzia, maana umemlea. Picha yangu ya funguo, akitaka kuitoa ukutani, mwachieni aitoe.

Nisalimie wote, mama kwanza. Mshikie mkono kwa ajili yangu, usimweleze kitu, mwambie nimesema anywe dawa. Mungu akupe nguvu kwa mzigo niliokutwika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Kidoti

Nimesahau. Kidoti akiuliza koti la mwaka huu, nililinunua kabla ya majibu. Nilikisia mwili wake kwa ile picha mliyonitumia. Usiku nikalijaribu mbele ya kioo nione urefu wa mikono, likanikaa sawasawa, mabega, kifua, mpaka vifungo. Sikumpa Mama Cheko. Leo nimelivaa kwenda kazini.