Uzio Tulioukata Wenyewe

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na nakusihi usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hapa mtaani sina wa kumwambia, kila ninayemtazama anajua ninachokijua, na yule mmoja asiyejua ndiye ninayelala naye kitanda kimoja.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto, kazi yangu ni usafi kwenye ofisi moja mjini, na mume wangu ni dereva wa mabasi ya mwendokasi, haya marefu yanayopita katikati ya barabara kuu kwenye njia zao wenyewe ambazo magari mengine hayaruhusiwi kuzikanyaga. Mabasi yalipokuja mtaa mzima ulishukuru, kwa sababu zamani kufika mjini ilikuwa uamke na giza na ufike umechoka kabla hata hujashika ufagio, na mvua ikinyesha nauli nayo inapanda, utadhani mvua ni ya wenye magari, lakini haya nauli yake ni ile ile jua na mvua, hata mimi mfagiaji naimudu kwenda na kurudi, na mama yangu mzazi anakwenda kliniki yake ya sukari bila kumwomba mtu lifti. Kwa hiyo usidhani nayachukia, nayapenda, na ndiyo yanayotulisha.

Tatizo ni uzio. Njia za mabasi zimewekewa uzio wa vyuma pande zote mbili, na kituo chetu kiko ng'ambo, ukisimama kwenye kona ya mtaa wetu unawaona mpaka abiria wanavyopanga foleni, lakini ili ufike lazima utembee hadi kwenye daraja la waenda kwa miguu lililo mbali kule kwenye maghala, upande ngazi, ushuke ngazi, kisha urudi mwendo ule ule upande wa pili, na wewe una mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Tukawa tunalalamika kila siku bombani sisi wanawake, mpaka siku moja mimi, ni mimi mshauri, simsingizii mtu, nikasema jamani, si nina mdogo wangu fundi wa kuchomelea, ana mashine ya kukatia chuma, tunangoja nini? Nikamwomba, akakataa, nikamwambia yaani wewe niliyekubeba mgongoni leo nakuomba kijitundu tu unanizungusha, basi akaja Jumapili mchana kweupe, mume wangu akiwa kazini, akakata uzio wa huku na wa kule, na kwa kuwa ni fundi anayeipenda kazi yake akasugua ncha zote zisitupasulie nguo, akazipaka na rangi, tukampigia makofi na vigelegele. Tukakubaliana kwamba Dereva asijue, ndivyo wanavyomwita mume wangu hapa mtaani, maana yeye ni mtu wa kampuni, atatusemea.

Tundu lenyewe aliliona, angekosaje kuliona na anapita pale kutwa? Akawa akirudi nyumbani anafoka, nani kakata uzio ule, watu wa mtaa huu watakuja kufa, akatoa taarifa kazini, wakaja watu wa kampuni wakafunga waya, na kesho yake waya haupo. Mimi nampakulia chakula huku naitikia, hao watu wabaya kweli, baba, tena wabaya sana.

Sasa sisi tulikuwa na utaratibu wetu wa kuvuka na hata watoto tuliwafundisha: subiri basi lipite, likishapita tu vuka nyuma yake, kwa sababu mabasi hayafuatani karibu karibu. Na kweli hayafuatani. Tulichosahau ni kwamba njia ni mbili, na basi refu likiwa linapita mbele yako huwezi kuliona linalokuja kutoka upande wa pili. Fundi cherehani wetu, jirani yangu wa ukuta mmoja, mama mtu mzima mpole asiyegombana na mtu, alisubiri basi la kwenda mjini likapita, akavuka nyuma yake na furushi lake la sare za shule, akakutana na basi la mume wangu.

Mume wangu alikuwa amepunguza mwendo, hupunguza kila akifika pale, akapiga honi, akakanyaga breki mpaka abiria waliosimama wakaangukiana, lakini wapi. Akashuka, akamtambua. Hata suruali ya sare aliyokuwa amevaa, mama yule ndiye aliyempunguzia kiuno.

Amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Anashinda ndani na shuka kiunoni kwa sababu hataki kuvaa suruali iliyopita kwenye mkono wa marehemu, na zote zilipita kwenye mkono wa marehemu. Baada ya mazishi binti wa marehemu alikuja akasimama mlangoni, akamwambia mbele ya wanangu, "Ulijua watu wanapita pale. Wewe ni wa mtaa huu huu. Ulijua." Mume wangu akajibu, "Nilijua, mwanangu." Na naogopa ndivyo atakavyowaambia wachunguzi, kwamba alijua, basi, na atakaa kimya wamtwishe mzigo wote, maana mtu mwenyewe hata kujitetea hataki, anasema, na marehemu nani atamtetea?

Mdogo wangu naye akaja kumpa pole. Mume wangu akamwegemea begani akalia kwa sauti, sijawahi kumwona akilia hivyo, anamwambia, "Shemeji, natamani ningemjua aliyekata uzio ule. Wala sitaki kumpiga. Nataka tu aje akae hapa na mimi." Mdogo wangu akaweka kikombe chini, akasema, "Mungu atamfichua, shemeji." Nilitamani ardhi ipasuke. Tulipotoka nje akanishika mkono, "Dada, ukinitaja umeniua." Mama yangu amesikia, naye ananiambia mume hupatikana, ndugu wa tumbo moja hapatikani, na wale waliopiga vigelegele siku ile sasa wakipita kwangu wanaangalia chini.

Mume wangu anaitwa kutoa maelezo wiki ijayo. Mimi nimeisha, mshauri, hata kazi sifanyi vizuri, jana tu nilipokuwa nawahi kituoni nimefika pale walipomwagia mchanga kufunika damu, nikauruka, na kazini nikawa nafagia chumba kimoja hicho hicho, msimamizi akanirudisha nyumbani. Niseme nimpoteze mdogo wangu, au ninyamaze nimpoteze mume wangu? Nijibu upesi, nateketea.

Ni mimi,
Mke wa Dereva

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba, wewe, mumeo, na zaidi yenu huyo binti aliyefiwa na mama aliyekuwa amebeba sare za watoto wa watu.

Nilidhamiria kukuhurumia mpaka mwisho wa barua. Umenizuia mwenyewe. Unaandika kwamba jana umeuruka mchanga. Uliuruka ukienda wapi? Mchanga ule umemwagwa ndani ya uzio, kwenye njia ya mabasi, na wewe ulikuwa unawahi kituoni. Kwa hiyo tundu bado liko wazi na wewe bado unalipita! Barua yote hii ndefu, mume yumo, ndugu yumo, mama yumo, bomba limo, nimeirudia kutafuta mahali ulipoandika kwamba tundu mmeliziba, sikupaona. Na wanao je? Leo asubuhi wamevukia wapi? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe.

Unaniuliza umpoteze nani kati ya wawili. Mwanangu, wakati wewe unapima mume na ndugu, mtaa mzima unaendelea kusubiri basi lipite ili uvuke nyuma yake. Atakayefuata anaweza kuwa yeyote, na anaweza kuwa anakuita mama. Na nyuma ya usukani safari hiyo atakuwa mume wa mwanamke mwingine.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, usimalizie hata gazeti. Nenda kwa mdogo wako mwambie abebe mashine yake. Alikata mchana kweupe, azibe mchana kweupe, na wewe usimame hapo hapo uliposimama ukipiga makofi. Asianze kuchomelea kabla ya kuwapa taarifa watu wa kampuni, mabasi yasije yakamkuta yeye. Wakimuuliza yeye ni nani, ajibu. Hapo ndipo siri yenu itakapokwisha, na msinisumbue kutafuta namna ya kuziba tundu huku siri ikibaki salama, maana najua mtaitafuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na ninyi kifo kimeshapita kwenu mara moja.

Lakini kabla hamjatoka, mumeo ajue. Asikie kutoka kinywani mwako, si kutoka kwa mpita njia wala kwa mchunguzi mezani. Mkalishe, watoto wapeleke kwa jirani, na usianze na "unajua baba, tulikuwa tunapata shida sana." Anza na "Ni mimi niliyemwomba mdogo wangu akate uzio." Kisha nyamaza. Usilie ili akubembeleze, usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, hana nguvu ya kukupa, na akikunyima utamkasirikia. Akifoka, sikiliza. Akitoka nje, mwache atoke, ila mwombe kaka yake au rafiki anayemwamini amfuate, maana mtu anayeshinda na shuka kiunoni na hataki kujitetea si wa kuachwa peke yake, na wala si wa shauri za mke na mshauri wa gazetini tu. Mpeleke hospitali akaonane na watu wanaotibu majonzi ya namna hiyo. Wapo, na hawatibu vichaa tu, kabla hujaniambia watu watasemaje.

Siku ya maelezo asiende peke yake. Akipata wa kumsaidia kisheria, vizuri. Asipompata, nendeni naye hivyo hivyo. Wewe na mdogo wako mkaseme yaliyotokea, na wale wapiga vigelegele wote waje. Mtaa uliokata pamoja hauna haki ya kumwacha mtu mmoja akae pale akijibu. Naye aseme kwamba alitoa taarifa ya tundu lile kazini na wakaishia kufunga waya. Akilisahau hilo, mkumbusheni, maana kampuni nayo ina la kujibu. Mdogo wako anaweza kushtakiwa, sikufichi. Anayekwenda mwenyewe huonekana tofauti na anayeburutwa, lakini sikuahidi kwamba atarudi nyumbani jioni.

Mama yako mwambie nimemsikia. Ni mzazi, anamlilia mwanawe, simlaumu. Ila mwambie pia marehemu alikuwa mama wa mtu, na binti yake sasa hana wa kumtetea kwa methali.

Na kuhusu daraja. Kulalamika mlikuwa na haki, tena kubwa. Mabasi yale ni gari letu sisi tusio na gari, na ukiyaweka ng'ambo ya mtu mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni hujampelekea usafiri, umempelekea picha. Mngekwenda ofisi ya serikali ya mtaa, ninyi wote wa bombani, na mizigo yenu vichwani, mkadai kivuko chenye taa kwenye kona yenu, mkarudi wiki ya pili, na ya tatu, mpaka wawachoke. Hilo hamkulifanya kwa sababu kukata ni rahisi. Lifanyeni sasa. Kivuko kikipatikana hakitamrudisha fundi cherehani, na msithubutu kumwambia binti yake kwamba mama yake alikufa ili ninyi mpate taa.

Kwa huyo binti utakwenda, ila si wewe utakayechagua siku. Mtumie ujumbe kwa mtu mzima wa familia yao, useme una neno la kumwambia kuhusu uzio. Akikubali, nenda. Akikufungia mlango, usigonge mara ya pili.

Mumeo anaweza kukuacha, mwanangu. Anaweza pia kumtazama mdogo wako na kumwambia kaa hapa. Sijui, na wewe hujui, na hakuna barua itakayokuambia. Jambo moja tu tunalijua sote wawili: kesho asubuhi utatoka nyumbani kwenda kazini na kituo utakiona pale pale, karibu kabisa, na basi linakaribia. Geuka, shika njia ya maghala. Likikuacha, likuache.